Majibu ya Mwandishi kwa Mhakiki: Vielelezo na Mpangilio katika Maandishi ya Kiufundi ya Kiswahili, kwa Mifano ya Kanyakine

1. Utangulizi

Mswada wa kiufundi unaporudishwa kwa mwandishi, maoni ya mhakiki aghalabu hugawika mafungu mawili. Fungu la kwanza lahusu hoja: je, jambo lililodaiwa ni kweli, na ushahidi uliotolewa watosha? Fungu la pili lahusu vielelezo na mpangilio: jedwali ni pana mno, ramani haina kipimio, maelezo yaliyo chini ya mchoro hayatoshi, tarakimu zimeandikwa kwa namna mbili. Fungu la kwanza hujibiwa kwa makini na kwa kurasa nyingi. Fungu la pili hujibiwa kwa neno moja, "imerekebishwa", au kwa manung'uniko kwamba mhakiki amekosa la kusema akaanza kuhesabu nukta na mistari.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mgawanyo huo una kasoro, na kwamba kasoro hiyo ni kubwa zaidi katika Kiswahili kuliko katika lugha ambazo kanuni nyingi za vielelezo zilitungiwa. Jedwali, grafu na ramani ni usemi. Vina sarufi yake, na sarufi hiyo hukutana na sarufi ya lugha inayovibeba. Kwa hiyo anayetoa maoni juu ya kichwa cha safu ya jedwali anatoa maoni juu ya maana, hata kama yeye mwenyewe hakuona hivyo. Na mwandishi anayemjibu kwa neno moja anaiacha maana hiyo bila mlinzi.

Mifano imechukuliwa kutoka Kanyakine, mji mdogo wa Imenti Kusini katika Kaunti ya Meru, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Mahali hapo pamechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ardhi yake na majira yake yamepata kuelezwa kwa vielelezo vya kitaalamu vilivyo maarufu. Pili, msomaji wake hutumia walau lugha tatu, yaani Kimeru, Kiswahili na Kiingereza, na kila moja ina desturi yake ya kuandika irabu, kutaja saa na kugawa majira.

2. Uhakiki wa miswada na mizizi yake

Uhakiki wa miswada ya Kiswahili kabla ya kuchapishwa si jambo jipya. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ikaanza kazi. Miongoni mwa majukumu yake ilikuwa kuisoma miswada ya vitabu, hasa vya shule, na kuvipa ithibati vile vilivyofuata usanifu uliokubaliwa. Mwaka 1964 kazi ya Kamati iliingizwa katika chuo cha uchunguzi wa Kiswahili kilichokuwa Dar es Salaam, ambacho baadaye kilijulikana kama TUKI, na tangu 2009 kimekuwa sehemu ya TATAKI.

Historia hiyo imesimuliwa na wengi, akiwemo Whiteley katika kitabu chake cha 1969, na hapa haina haja ya kurudiwa. Linalofaa kuzingatiwa ni tabia mbili ambazo uhakiki wa namna ile uliziacha. Ya kwanza ni kwamba mhakiki alitazamwa kuwa mlinzi wa tahajia na mgawanyo wa maneno. Hivyo maoni juu ya umbo la maandishi yalipata nguvu ya amri, kwa kuwa bila ithibati kitabu kingeikosa shule. Ya pili ni kwamba mjadala uliegemea zaidi neno lililo katika sentensi. Neno lililo katika mchoro, katika ufunguo wa ramani au katika kichwa cha safu halikupata nadharia yake. Vitabu vya sarufi vya Kiswahili vinaeleza upatanisho wa sentensi kwa sura nzima nzima, ila ni vigumu kukuta hata ukurasa mmoja unaoeleza upatanisho wa jedwali.

Usanifishaji wa istilahi uliendelea baadaye. BAKITA iliundwa Tanzania mwaka 1967. TUKI ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na mwaka 1990 ikatoa kamusi sanifu za isimu na za sayansi. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Lakini istilahi peke yake haitengenezi kielelezo. Mwandishi anaweza kuwa na neno sahihi kwa kila kitu kilichomo katika grafu, na bado grafu hiyo ikampotosha msomaji.

3. Kielelezo kilichokwisha kuwapo

Mwaka 1983, chini ya Wizara ya Kilimo ya Kenya, ilitolewa juzuu ya Farm Management Handbook of Kenya iliyohusu sehemu ya mashariki ya nchi, Meru na Embu zikiwamo. Waandishi wake ni Ralph Jaetzold na Helmut Schmidt. Kazi hiyo ilizigawa nchi za kilimo katika kanda kwa kuzingatia joto na unyevu, na kila kanda ikapewa herufi na nambari: LH 1 ni kanda ya chai na ng'ombe wa maziwa, UM 1 ni ya kahawa na chai, UM 2 ni kanda kuu ya kahawa, na kadhalika mpaka nchi za joto. Wataalamu wa kilimo wangali wakiitumia mikato hiyo.

Anayeifahamu Imenti Kusini huuona mpango huo kwa macho. Mtu akipanda kuelekea msitu wa mlima hukuta chai. Akishuka hukuta kahawa na migomba. Akizidi kushuka kuelekea Mitunguu huingia nchi ya joto ambako maji ya mfereji yana thamani kuliko ardhi yenyewe. Ubora wa kazi ya Jaetzold na Schmidt ni kwamba ilikiweka katika karatasi kile ambacho mkulima alikijua kwa miguu, ikakiongezea vipimo. Lakini vielelezo vyake vilikusudiwa afisa anayesoma Kiingereza.

Ichukuliwe basi, kwa ajili ya uchambuzi tu, kwamba mwandishi ametunga mwongozo wa Kiswahili kwa wakulima wa Kanyakine akitegemea mpango huo wa kanda, na kwamba mswada wake umerudi na maoni ya mhakiki juu ya vielelezo. Maoni yanayofuata yamebuniwa, ila ni ya aina inayojulikana na kila aliyewahi kuandika au kuhariri maandishi ya namna hiyo.

3.1 Majina ya kanda

Maoni: "Tafsiri majina yote ya kanda, usiache herufi za Kiingereza katika ramani."

Kwa mtazamo wa sera ya lugha, agizo hili ni zuri. Lakini tafsiri ya moja kwa moja ya LH ni "Nyanda za Juu za Chini", na ya UM ni "Nyanda za Kati za Juu". Katika ramani, kanda yenye neno "Chini" itakuwa upande wa mlimani, na kanda yenye neno "Juu" itakuwa chini yake. Katika Kiingereza mkanganyiko huo hupunguzwa na mpangilio wa maneno, kwa kuwa neno la daraja hutangulia na kushikamana na jina. Katika Kiswahili neno la mwisho ndilo linalobaki masikioni, na msomaji wa Kanyakine, ambaye kila siku hupima nchi yake kwa kupanda na kushuka, atalisoma jina kinyume.

Jibu linalofaa hapa halitamki "nimekubali" wala "nimekataa". Litasema kwamba herufi za Kiingereza zimeondolewa kama mhakiki alivyotaka, lakini badala ya kutafsiri majina ya kitaalamu, kanda zimeitwa kwa zao linalozitambulisha: kanda ya chai, kanda ya kahawa na chai, kanda kuu ya kahawa. Mkato wa kitaalamu utawekwa mara moja tu katika ufunguo, ili afisa wa kilimo na mkulima waweze kuzungumzia mahali pamoja.

3.2 Mhimili wa miezi

Maoni: "Grafu ya mvua inaanza Septemba. Anza na Januari, kama kalenda."

Hili huonekana kuwa jambo la mpangilio tupu. Sivyo. Katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya kuna misimu miwili ya mvua, na hasa katika nchi ya chini mvua za Oktoba hadi Desemba aghalabu ndizo za kutegemewa kuliko zile za Machi hadi Mei. Mahindi yaliyopandwa Oktoba huvunwa mwaka unaofuata. Grafu inayoanza Januari huukata msimu huo vipande viwili: mvua ya kupandia inakuwa mwisho wa kulia, na mavuno yake yanakuwa mwanzo wa kushoto. Msimu wa Machi ndio unaobaki mzima katikati ya ukurasa, ukitazamwa kana kwamba ndio mkuu.

Mhakiki huyo huyo aweza kuongeza: "Mvua kubwa ni masika, vuli ni mvua ndogo. Rekebisha maelezo." Kwa desturi ya pwani, na kwa desturi ya vitabu vingi vya shule, yuko sahihi. Lakini neno lililozaliwa na pepo za pwani halibebi kipimo kile kile linapopandishwa mlimani. Mkulima wa nchi ya chini ya Imenti Kusini akiambiwa kwamba vuli ni msimu mdogo, na akaweka mbegu yake bora akingojea masika, atakuwa amepotezwa na maelezo ya mchoro.

Hata hivyo, mhakiki hakukosea kabisa. Alikwama, na kukwama kwake ni ushahidi. Kama grafu ilimshangaza yeye, itamshangaza na msomaji mwingine aliyezoea kalenda. Kwa hiyo jibu likatae tiba na likubali ugonjwa: mhimili utaendelea kuanza Septemba kwa sababu iliyotajwa, lakini mstari wa wima umeongezwa kati ya Desemba na Januari kuonyesha mwaka unapogeuka, misimu imetajwa kwa miezi yake badala ya masika na vuli, na sentensi moja chini ya mchoro inaeleza sababu.

3.3 Ngeli katika kichwa cha safu

Maoni: "Vichwa vya safu havilingani. Tumia neno moja kwa kila daraja."

Hapa ndipo sarufi ya Kiswahili inapodhihirika. Katika Kiingereza neno moja la sifa laweza kukaa juu ya safu na kuhudumia kila mstari ulio chini yake. Kiswahili hakiruhusu. Mvua ni nyingi, mavuno ni mengi, joto ni kali, hatari ni kubwa, mteremko ni mkali. Mwandishi akiandika "Nyingi" juu ya safu, ameitii mvua na kuyaasi mavuno. Mwanaisimu angeandika "-ingi" na kumwachia msomaji kiambishi, lakini hiyo ni alama ya wanafunzi wa sarufi. Katika mwongozo wa mkulima, kistari kile kitasomwa kama alama ya kutoa.

Tiba inayopendwa ni kutumia nomino moja itakayotawala upatanisho wote: "kiwango cha juu", "kiwango cha kati", "kiwango cha chini". Njia hii inafaa kwa mvua, kwa mavuno na kwa hatari. Haifai kwa mteremko, kwa maana "kiwango cha juu cha mteremko" chaweza kueleweka kuwa sehemu ya juu ya mteremko, yaani upande wa mlimani. Katika mahali ambapo mteremko ndio jiografia yenyewe, kosa hilo si dogo.

Kwa hiyo usawa ambao mhakiki anautaka waweza kupatikana katika mistari mitatu na kushindikana katika wa nne. Jibu la kweli litasema hivyo hivyo. Litamweleza kwamba "kiwango" kimetumika pale kinapokubali, na kwamba mstari wa mteremko umeondolewa katika jedwali na kupewa mchoro wake. Hapo mhakiki ataona kwamba tofauti iliyobaki haikutokana na uzembe.

3.4 Vifupisho

Maoni: "Majina ya mazao yanajaza ramani. Tumia herufi moja kwa kila zao."

Mazao ya kawaida ya Imenti Kusini ni mahindi, maharagwe, migomba, mtama, mbaazi na muhogo, mbali na chai na kahawa. Yote sita ya kwanza huanza na herufi M. Sababu ni kwamba nomino za Kiswahili hubeba viambishi vya ngeli mwanzoni, na viambishi ni vichache. Lugha ambayo maneno yake huanza na mzizi hupata kifupisho kizuri kwa herufi ya kwanza. Lugha ambayo maneno yake huanza na ngeli hupata kifupisho cha ngeli. Hata mwandishi akiongeza herufi hadi tatu, mahindi na maharagwe yatabaki "mah." yote mawili.

Watunzi wa kamusi wanalijua tatizo hili kwa sura nyingine, ndiyo maana vitenzi huingizwa kwa shina na nomino kwa kiambishi chake. Mchoraji wa ramani hana nafasi ya ufafanuzi kama huo. Jibu lake kwa mhakiki ni kwamba shida ya msongamano ni ya kweli, lakini herufi moja haiwezi kuitatua. Badala yake ramani imegawanywa kuwa mbili, ya mazao ya chakula na ya mazao ya biashara, na majina yameandikwa kamili.

3.5 Tarakimu na saa

Maoni: "Sawazisha uandishi wa tarakimu na wa saa."

Katika haya mhakiki ana haki yote. Kenya na Tanzania hutumia nukta kutenga desimali na mkato kutenga maelfu. Katika maandishi yaliyofuata desturi ya Kifaransa, kama ya mashariki ya Kongo, mkato ndio unaotenga desimali. Mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo uliamua mwaka 2003 kwamba nukta na mkato vyote vyaruhusiwa kutenga desimali, na kwamba maelfu yatengwe kwa nafasi tupu. Kiswahili kinasomwa pande zote mbili. Kipimo cha dawa ya mimea kilichoandikwa 2,500 chaweza kuwa elfu mbili na mia tano kwa msomaji mmoja, na mbili na nusu kwa mwingine. Aidha, nukta iliyofifia katika nakala ya mashine huigeuza 2.5 kuwa 25. Mwandishi aliyerudishiwa maoni ya namna hii ashukuru, asahihishe, na pale dawa inapohusika aandike kwa maneno pia: lita mbili na nusu.

Kuhusu saa, kusawazisha kunahitaji fikira zaidi. Mkenya huandika 8.00 na kusoma "saa mbili asubuhi". Tarakimu na usemi vimepishana kwa saa sita, na msomaji mzoefu huvipatanisha bila kujua. Tatizo hutokea mwandishi anapochanganya: katika jedwali anaandika "8.00", na katika maelezo anaandika "saa 2". Mhakiki akidai yote yawe tarakimu za saa ya kimataifa, maelezo hayatasomeka kwa sauti. Akidai yote yawe saa ya Kiswahili, jedwali litapingana na saa ya mkononi. Jibu linalofaa ni kuchagua mfumo mmoja kwa jedwali, kuutaja katika kichwa chake, na kuongeza neno la wakati wa siku kila mara: asubuhi, mchana, jioni, usiku.

3.6 Alama za irabu

Maoni: "Ondoa alama zilizo juu ya irabu katika majina ya mahali, zinaonekana kama uchafu wa uchapaji."

Kimeru kina irabu saba, na Kiswahili kina tano. Irabu mbili za ziada hupambanuliwa kwa alama: wengine huandika Kĩmĩĩrũ kwa alama ya wimbi, wengine hutumia alama mfano wa kofia. Enzi za mashine za chapa, alama hizo mara nyingi ziliongezwa kwa kalamu baada ya ukurasa kupigwa. Mhakiki wa miaka hiyo alikuwa na udhuru alipoomba ziachwe, kwani mpiga chapa hakuwa nazo. Udhuru huo umekwisha. Herufi hizo zimo katika mfumo wa kimataifa wa herufi za kompyuta tangu miaka ya mapema ya 1990.

Swali linabaki la kanuni: je, jina la mahali katika maandishi ya Kiswahili lifuate tahajia ya Kiswahili au ya lugha ya mahali hapo? Ramani za serikali ziliyazoea majina bila alama, na "Meru" yenyewe imekwisha kuwa neno la Kiswahili na la Kiingereza. Lakini mchoro unaotaja vijito na vitongoji vilivyo karibu karibu waweza kuhitaji alama ili majina mawili yasigeuke moja. Mwandishi ajibu kwa kutaja kanuni yake: majina yaliyozoeleka yameachwa kama yalivyo, majina ya vitongoji yameandikwa kwa tahajia ya Kimeru, na jambo hilo limeelezwa katika ufunguo. Kanuni iliyotajwa yaweza kujadiliwa. Alama iliyoachwa bila maelezo itafutwa na mtu fulani chapani.

4. Jibu kama maandishi

Mifano hii yaonyesha kwamba barua ya majibu ni utungo wenye sifa zake, na yastahili kuhakikiwa kama utungo. Kasoro zake katika Kiswahili ni tatu.

Ya kwanza ni ya kisarufi. "Imerekebishwa" ni kitenzi kisicho na mtenda, na kiambishi chake cha kiima chaweza kuashiria picha, ramani, grafu, michoro au mistari. Mhariri anayeshika maoni kumi na tano na majibu kumi na tano ya "imerekebishwa" hajui ni nini kilichorekebishwa, na nani, na kwa namna gani. Jibu lenye kufaa hutaja kitu, mahali na badiliko: "Katika Jedwali la 3, safu ya nne, mkato umebadilishwa kuwa nukta."

Ya pili ni ya adabu. Usemi wa Kiswahili hutegemea sana kujua nani anasemeshwa: mzee, mwalimu, ndugu, dada, bwana. Mhakiki asiyetajwa jina hana umri wala cheo, na mwandishi hujikuta hana mlango wa kuingilia katika mazungumzo. Ndipo wengine hukimbilia unyenyekevu uliopita kiasi, wakikubali hata lile wanalojua ni kosa, kwa kuogopa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na wengine hukimbilia ukali, kwa kuwa hawaoni uso wa yeyote wa kumstahi. Namna zote mbili humtazama mhakiki kama mtu, ama wa kuogopwa ama wa kushindwa. Inafaa jibu lielekezwe kwa mhariri, limtaje mhakiki kwa heshima ya kawaida, kisha lizungumzie kielelezo.

Ya tatu ni ya hoja. Majibu mengi hayatofautishi alichokiona mhakiki na alichokipendekeza. Alichokiona ni nadra kukosa msingi: alisoma, akakwama mahali. Alichokipendekeza chaweza kuwa tiba ya mchoro mwingine, wa lugha nyingine, wa nchi nyingine. Mwandishi hana uhuru wa kupuuza kukwama huko. Ana uhuru wa kutafuta tiba tofauti, mradi aieleze. Katika mifano sita iliyotangulia, maoni moja tu, ya tarakimu, yalistahili kutiiwa kama yalivyo; hata hivyo hakuna hata moja lililostahili kuachwa bila badiliko lolote katika mswada.

Wahakiki nao wana wajibu. Maoni yasemayo "vielelezo haviridhishi" hayana faida. Mhakiki aseme alisoma nini, alidhani kina maana gani, na ni wapi dhana hiyo ilipogongana na maelezo. Anayeagiza usawa ajiulize kwanza kama usawa huo unakubaliwa na ngeli za lugha, na kama kanuni anayoitaja ilitungwa kwa Kiswahili au iliazimwa pamoja na kiolezo cha jarida la nje.

5. Hitimisho

Kwa muda mrefu mjadala wa Kiswahili cha sayansi umekuwa mjadala wa istilahi: neno gani litumike, nani aliunde, nani alithibitishe. Mjadala huo ulikuwa wa lazima, na matunda yake yako katika kamusi. Yafaa sasa uungwe na mjadala wa ukurasa, yaani jinsi jedwali linavyopatanishwa, kifupisho kinavyoundwa, mhimili unavyoanzishwa na jina la mahali linavyochorwa. Mahali pa karibu pa kuuanzia ni kwenye majibu ya waandishi kwa wahakiki, kwa sababu ndipo matatizo haya yanapotajwa moja moja, yakiwa na mifano yake. Idara za lugha zinazohariri majarida zingeweza kuyahifadhi majibu hayo, yakiwa yamefichwa majina, na kuyafundishia.

Kipimo cha mwisho hakimo katika kikao cha wahariri. Kabla ya kupeleka majibu yake, mwandishi wa mwongozo kama ule uliodhaniwa hapo juu aweza kuchukua mchoro peke yake, bila maelezo ya kitabu, na kuwapa watu watatu wa Kanyakine: mmoja anayeishi upande wa chai, mmoja katika kahawa, mmoja katika njia ya kuteremkia Mitunguu. Awaombe waseme kwa sauti mchoro unaagiza nini, na wapande lini. Iwapo wote watatu watataja mwezi unaofaa shamba lao, mwandishi ana hoja ya kumpelekea mhariri, hata kama mhimili wake unaanza Septemba. Iwapo mmoja atataja mwezi usiofaa, mhakiki alikuwa na haki, na kazi ya kuchora ianze upya.